Henry Shefflin na kazi ya mshambuliaji wa hurling, klabuni na kwenye kaunti

Ukifungua rekodi za Henry Shefflin, namba moja itajirudia kila ukurasa: 27-484. Waayalandi ndivyo wanavyoandika matokeo ya hurling, mchezo wao wa fimbo na mpira mdogo. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi, na goli moja lina thamani ya pointi tatu. Magoli 27 yanakupa 81, ongeza 484, jumla 565. Alizifunga katika mechi 71 za ubingwa akiwa na jezi nyeusi na njano ya Kaunti ya Kilkenny, kuanzia 1999 hadi 2014. Piga hesabu: karibu pointi 8 kila mechi. Alipotundika fimbo Machi 2015, hakukuwa na mtu aliyewahi kufunga nyingi hivyo kwenye ubingwa.

Namba hiyo ni sahihi, ila inaficha mambo. Haikuambii ngapi zilitokana na mipira ya adhabu na ngapi alizitafuta mwenyewe akiwa na beki mgongoni. Haisemi lolote kuhusu magoti yake. Na klabu yake haimo kabisa, wakati hurling bila klabu ni kama haipo.

Kwa asiyeujua mchezo, haraka haraka. Uwanja una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90, mkubwa kuliko wa soka. Kila upande una wachezaji 15: kipa, mabeki 6, viungo 2, washambuliaji 6. Goli lina umbo la herufi H, nguzo zimeachana mita 6.5 na mwamba uko mita 2.5 kutoka chini. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, ukipita juu yake katikati ya nguzo ni pointi. Mpira wenyewe unaitwa sliotar, una gramu 110 hadi 120, umevikwa ngozi na mshono wake umetokeza nje. Huruhusiwi kuuokota chini kwa mkono, lazima uunyanyue kwa fimbo. Ukishaushika, mwisho hatua nne. Ukitaka kwenda mbali zaidi unauweka kwenye ubapa wa fimbo na kukimbia nao hivyo hivyo huku watu wanakusukuma kwa mabega. Mechi ya kaunti ni dakika 70, ya klabu ni 60.

Hakuna mshahara. Huo ni mchezo wa ridhaa mpaka juu kabisa, hata kwenye fainali ya Croke Park, uwanja mkubwa wa Dublin, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Miaka yote Shefflin alipokuwa mchezaji anayetajwa zaidi Ireland, alikuwa mfanyakazi wa benki.

Klabu kwanza

Alizaliwa Januari 1979 na kukulia Ballyhale, kusini mwa Kilkenny. Klabu ya huko ni Ballyhale Shamrocks, iliyoundwa 1972 baada ya vitongoji vitatu vya parokia moja, yaani Ballyhale, Knocktopher na Knockmoylan, kuamua kuacha kucheza kila mtu kivyake. Ni eneo la vijijini. Lakini hadi leo ndiyo klabu iliyobeba ndoo ya klabu bingwa Ireland mara nyingi kuliko nyingine yoyote: 1981, 1984, 1990, 2007, 2010, 2015, 2019, 2020 na 2023. Zile za mwanzo zilijengwa juu ya familia moja, akina Fennelly, ndugu saba wa tumbo moja.

Hakuna usajili wa kununuana. Mtoto huanza kwenye klabu ya parokia yake, hupanda ngazi za umri, na akiwa mzuri huitwa kwenye timu ya vijana ya kaunti, baadaye ya chini ya miaka 21, kisha ya wakubwa. Shefflin alipita shule ya St Kieran's mjini Kilkenny, ambayo ni karakana ya wachezaji wa kaunti hiyo, akaenda chuo cha Waterford na kucheza hurling ya vyuo, na 1999 akaingia timu ya wakubwa. Kuitwa na kaunti hakumwondoi mtu klabuni. Anacheza kote kuwili mpaka anastaafu, na mara nyingi klabu ndiyo ya mwisho kuagana naye.

Sasa angalia ratiba. Wakati wake, ubingwa wa Ireland baina ya kaunti ulichezwa majira ya joto na fainali ilikuwa Septemba. Zilifuata hapo mechi za klabu ndani ya kaunti, halafu za jimbo la Leinster kwenye matope ya Novemba. Klabu iliyovuka ilisubiri nusu fainali Februari, na fainali ilichezwa 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kufika hapo, ligi ya kaunti imeshaanza. Mchezaji wa Ballyhale aliyekuwa pia wa Kilkenny angeweza kupitisha mwaka mzima bila mapumziko ya maana. Leo fainali ya klabu iko Januari na ya kaunti iko Julai, misimu imetenganishwa, na nadhani magoti mengi yamepona kwa uamuzi huo.

Kilkenny wana desturi moja iliyofunga klabu na kaunti kwa kamba moja: klabu inayotwaa ubingwa wa klabu ndani ya kaunti ndiyo inayotoa nahodha wa timu ya kaunti mwaka unaofuata. Ballyhale walishinda 2006, hivyo Shefflin akawa nahodha wa Kilkenny 2007. Walishinda tena 2009, na 2010 unahodha ukaenda kwa TJ Reid, kijana wa miaka 22. Kwa mtu wa soka inashangaza nahodha kupatikana kwa njia hiyo. Kwa wao, ni ukumbusho wa nani mwenye timu.

Kazi ya mshambuliaji nayo inabadilika akivua jezi moja na kuvaa nyingine. Kwenye kaunti amezungukwa na watano wenye uwezo kama wake, mpira unamfikia haraka na kwa usahihi, na beki anayemkaba ni mgeni aliyemsoma kwenye video. Kule klabuni, beki ni jirani anayemjua tangu wakiwa na miaka kumi, anajua anapenda kugeukia bega lipi, na mara nyingi amepangiwa mwenzake wa pili amsaidie kumbana. Tena klabuni nyota hutakiwa kushuka chini kutafuta mpira, autengeneze, kisha awe huyo huyo wa kuumalizia. Shefflin alipenda namba 11, katikati ya mstari wa kwanza wa washambuliaji, na nafasi hiyo inamfaa mtu wa namna hiyo: uko mita 40 hadi 60 kutoka golini, unaona nguzo na unawaona wote waliokutangulia.

Mpira wa adhabu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo pointi nyingi zinapopatikana, na hapa ndipo mpigaji anapopata jina au kulipoteza. Wachezaji wa timu pinzani lazima wawe mita 20 kutoka kwenye mpira. Mpigaji haruhusiwi kuugusa kwa mkono wakati wa kupiga. Anao mkupuo mmoja: aunyanyue kwa fimbo na kuupiga ukiwa hewani. Akikosa kuunyanyua, au akiupunga ukampita, inabidi aupige chini palepale bila kuchelewa, na hiyo mara nyingi inamaanisha nafasi imeenda.

Mpigaji wa mkono wa kulia hushika juu ya mpini kwa mkono wa kulia, wa kushoto unakuwa chini kidogo. Anasimama ubavu ukielekea nguzo, magoti yamelegea, mpira uko mbele kidogo ya mguu ulio karibu na goli. Anaangalia nguzo, anachagua kitu nyuma yake cha kulenga, anarudisha macho kwenye mpira, na kuanzia hapo hatakiwi kuyanyanyua tena. Ubapa wa fimbo unalazwa karibu sambamba na nyasi, unachokoa chini ya mpira, mpira unapanda hadi usawa wa kifua. Wakati unapanda, mikono inakutana juu ya mpini na fimbo inarudi nyuma. Anapiga hatua moja fupi, na mpira unapigwa ukiwa umeshuka mpaka kati ya goti na kiuno.

Makosa yako kwenye kunyanyua zaidi kuliko kwenye kupiga. Ukiunyanyua mbali mbele, unalazimika kuufuata kwa mikono iliyonyooka, nguvu inapotea na mpira unadondokea mikononi mwa kipa. Ukipanda karibu mno na mwili, viwiko vinabanwa, unaupiga kwa kisigino cha fimbo na unachepuka nje ya nguzo. Ukipanda juu sana, upepo unaupata kabla yako. Mvua inaongeza balaa: ngozi inanywa maji, mpira unakuwa mzito, na nyasi ndefu zinanasa ncha ya fimbo. Kosa linaloonekana dogo kuliko yote, kichwa kuinuka mapema kutazama kama umefunga, ndilo linaloua mipira ya mita 30 ambayo mtu huipiga akiwa amefumba macho mazoezini.

Mpira wa mita 65 ni tabu nyingine. Huo hutolewa pale beki anapoutoa mpira nje ya mstari wake wa mwisho, na umbali ndio huo umeandikwa kwenye jina. Hapa nguvu ya nyonga inahesabika, na mpigaji wa kawaida wa adhabu wakati mwingine humwachia beki mwenye pigo refu. Mpira wa pembeni ndio mgumu kuliko yote: unakatwa ukiwa chini, bila kunyanyuliwa, fimbo inapita chini ya mpira kama kisu ili upande na kuzunguka. Bingwa wa pigo hilo alikuwa Joe Canning wa Galway, na huyo tutamrudia.

Kisha kuna uamuzi: uchukue pointi moja ya uhakika au utafute tatu? Fainali ya 2009 dhidi ya Tipperary, zikiwa zimebaki dakika chache na Kilkenny wako nyuma, refa akatoa penalti ambayo watu wa Tipperary wanaibishia hadi kesho. Sheria za wakati huo ziliruhusu watu watatu kusimama kwenye mstari wa goli. Shefflin akapiga, goli. Muda mfupi baadaye Martin Comerford akaongeza la pili, mechi ikaisha 2-22 kwa 0-23, na Kilkenny wakabeba taji la nne mfululizo.

Miaka mitatu baadaye, fainali ya 9 Septemba 2012 dhidi ya Galway, akapata penalti tena, mwishoni mwishoni, timu zikiwa sawa. Safari hii akaupitisha juu ya mwamba, akachukua pointi moja. Galway wakapata mpira wa adhabu kwenye muda wa nyongeza, Canning akausawazisha, 2-13 kwa 0-19, sare. Watu wakamsema sana: nahodha wa mioyo ya watu ameogopa! Mimi naona alifanya hesabu nzuri. Ukiwa nyuma, kama 2009, pointi moja haikuokoi na lazima uthubutu. Mkiwa sawa na dakika zinakatika, penalti iliyozuiwa na watu watatu inaondolewa hadi upande wa pili na unaweza kupoteza mechi nzima. Isitoshe, pointi 12 kati ya 19 za Kilkenny siku hiyo zilikuwa zake. Timu ilikuwa haina mtu mwingine anayefunga. Marudiano ya 30 Septemba Kilkenny walishinda 3-22 kwa 3-11, na Shefflin akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka kwa mara ya tatu, baada ya 2002 na 2006. Alikuwa na miaka 33. Tangu 2015 sheria imebadilika, penalti ni mpigaji na kipa peke yao, kwa hiyo hesabu ile leo ingekwenda vingine.

Asipokuwa na mpira

Kocha wake wa kaunti kwa miaka yote alikuwa Brian Cody, na Cody hakuwa na nafasi ya mshambuliaji anayesubiri. Mstari wa mbele wa Kilkenny ulitakiwa kukaba. Kuna vitendo viwili vya kutazama. Cha kwanza ni kunasa fimbo: mpinzani anapoirudisha nyuma ili apige, wewe unatoka nyuma yake na kupenyeza ncha ya fimbo yako kwenye njia ya pigo, fimbo zinagongana na mpira unabaki. Cha pili ni kumfungia kwa mbele, unajitupa karibu kabisa na mikono yake na kuweka ubapa kwenye mpira unapoachiwa. Mtu mwoga husimama hatua moja mbali, na hapo ndipo anapoumia, kwa sababu fimbo inakuwa imeshika kasi. Ukiwa karibu sana pigo linakuwa bado halijachanua.

Kuhusu fimbo zenyewe, ya mtu mzima huwa na urefu wa inchi 34 hadi 37 na hutengenezwa kwa mbao za mti uitwao ash, zikatwe pale shina linapokutana na mizizi ili mistari ya mbao ijikunje pamoja na kona ya fimbo. Ikikatwa kwenye mbao iliyonyooka itapasuka kwenye kona hiyo hiyo. Mwishoni mwa ubapa hufungwa mkanda wa bati kuzuia kuchanika. Ugonjwa wa ukungu umeiharibu sana miti hiyo Ireland, na sasa fimbo za mianzi na za plastiki ngumu zimeingia uwanjani. Kofia ngumu yenye wavu usoni ni lazima kwa kila mtu tangu 1 Januari 2010.

Magoti

Fainali ya 2007 dhidi ya Limerick, akiwa nahodha, Shefflin alifunga goli kipindi cha kwanza, akachana ligamenti ya goti, yaani mkanda unaoshikilia mifupa, na hakurudi baada ya mapumziko. Alifanyiwa upasuaji, na kufikia fainali ya 2008 alikuwa uwanjani akibeba medali nyingine.

Ya 2010 ndiyo inayofundisha zaidi. Agosti, kwenye nusu fainali dhidi ya Cork, ligamenti ikachanika tena. Fainali ilikuwa baada ya wiki nne na Kilkenny walikuwa wanatafuta la tano mfululizo, jambo ambalo hakuna kaunti ilikuwa imewahi kulifanya. Upasuaji ukaahirishwa, misuli ya paja ikajengwa kwa nguvu ili ishike kazi ya ligamenti. Maelfu ya watu walijaa Nowlan Park, uwanja wa nyumbani wa Kilkenny, kutazama mazoezi tu, waone kama anakimbia. Alikimbia. Akaanza fainali, na robo saa haikufika akatoka akichechemea. Tipperary wakashinda 4-17 kwa 1-18, Lar Corbett akiwa na magoli matatu.

Kilichoshindikana kinaeleweka ukijua ligamenti ile inafanya nini. Inazuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na kujipinda chini ya paja. Misuli imara inaweza kuficha upungufu huo ukikimbia mstari ulionyooka, hata kwa kasi. Lakini mshambuliaji hukamata mpira akilipa goli mgongo, anakanyaga mguu mmoja na kugeuka juu yake. Hakuna msuli unaowahi kugeuka huko. Mazoezi yaliyomwonyesha yuko fiti hayakuwa na beki wa kumlazimisha ageuke ghafla.

Bega likafuata, kisha mifupa ya mguu 2013, mwaka ambao pia alipewa kadi nyekundu dhidi ya Cork, ya kwanza katika maisha yake yote ya kaunti. Mwaka 2014 alikuwa mtu wa benchi. Aliingia kama mchezaji wa akiba kwenye fainali ya sare dhidi ya Tipperary na kwenye marudiano yaliyoisha 2-17 kwa 2-14, na hiyo ikawa medali yake ya 10. Hakuna aliyefikisha kumi kwa kucheza kabla yake. Tarehe 17 Machi 2015 alicheza na Ballyhale fainali ya klabu, wakawafunga Kilmallock 1-18 kwa 1-6, na siku nane baadaye akatangaza kuacha kaunti.

Baadaye aliifundisha Ballyhale na kutwaa ndoo mbili, 2019 na 2020, kisha akaenda kuinoa Galway kwa misimu mitatu, 2022 hadi 2024, bila kuifikisha fainali ya Ireland.

Rekodi yake ya 565 ilivunjwa Julai 2021, na aliyeivunja ni yule yule Canning, kwa mechi yake ya mwisho kabla hajastaafu: 27-486, pointi mbili zaidi. Tuwe waangalifu kulinganisha watu wa vizazi tofauti. Eddie Keher, Mkilkenny wa miaka ya 60 na 70 aliyeshikilia rekodi kabla ya Shefflin, alikuwa na 35-336, yaani 441, katika miaka ambayo ukifungwa mara moja msimu umekwisha. Tangu 2018, ukiacha 2020 na 2021, mechi za majimbo huchezwa kwa makundi, kwa hiyo mshambuliaji ana uhakika wa mechi nne au zaidi kila mwaka, na mipira inafungwa kutoka mbali kuliko zamani. Magazeti ya Ireland husaidia kidogo, kwa sababu mbele ya jina la mfungaji huweka mabano yanayoonyesha ngapi zilikuwa za adhabu na ngapi za mita 65. Soma mabano hayo kabla ya jumla.

Mipira ya adhabu ya Kilkenny ilipomtoka Shefflin mikononi ilikwenda kwa TJ Reid, wa klabu ile ile, parokia ile ile. Reid aliendelea kuipiga kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa jumla ya pointi naye amempita Shefflin.